Sigi: Njia ya Magogo

Ukitoka Muheza kwenda Amani, unapita kwanza katikati ya mitiki ya Longuza, kisha barabara inaanza kupanda ikifuata bonde la mto Zigi. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, nao Wajerumani walikuwa tayari wanaitamani mivule ya Usambara Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakajenga tawi la reli nyembamba, upana wa sentimita 75, kutoka Tengeni hadi Sigi, kilomita zipatazo 23. Kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha mbao.

Reli hiyo haipo tena. Iliyobaki ni nyumba ya mkuu wa stesheni pale Sigi. Imekarabatiwa, na sasa ni kituo cha taarifa cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Imepona kwa sababu ilipewa kazi: jengo la kale lisilotumika huliwa na mchwa, na mabati yake huezekwa kwingine.

Nyumba hiyo inastahili pia kuwa makumbusho ya mbao. Historia ya msitu huu si ya vipepeo na maua peke yake. Ni ya wapasuaji pia: wawili kwa msumeno mmoja, huyu juu ya gogo, yule chini shimoni, vumbi la mbao likimjaa machoni kila msumeno unaposhuka. Baadaye zikaja mashine. Miaka ya 1970 na 1980, Sikh Saw Mills ya Tanga ilivuna magogo milimani kwa msaada wa Finland. Uvunaji huo ulipopingwa, Finland hiyohiyo ikageukia kugharimia uhifadhi, na mwaka 1997 hifadhi hii ya Amani, yenye hekta 8,380, ikatangazwa.

Kijana wa Tanga anayekunywa maji ya mto Zigi anahitaji kuyajua yote mawili, kukata na kuacha kukata. Chumba kimoja kingetosha: msumeno wa shimoni, kipande cha mvule cha kushika mkononi, ramani ya reli, na sauti za wazee waliofanya kazi ya kupasua mbao, zikirekodiwa wangali hai. Misumeno inaweza kusubiri kabatini. Wazee hawasubiri, kwa hiyo kazi ianze kwao.