Ligi ya Vyuo vya Pasifiki na Waliobaki Nyuma

Mwanafunzi anayetafsiri habari za michezo ya vyuo vikuu vya Marekani huenda akaandika "kongamano" pale zinapotajwa jumuiya za vyuo vinavyoshindana kila mwaka. Sisi tunapendekeza neno "ligi". Katika toleo hili tunaeleza historia ya ligi moja ambayo wanariadha wa Afrika Mashariki waliwahi kuing'arisha.

Ligi hiyo ilianzishwa tarehe 2 Desemba 1915 mjini Portland na vyuo vinne vya majimbo ya California, Oregon na Washington. Chuo cha Washington State, kilichoko Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano, kilijiunga mwaka 1917. Msingi wa umoja huo ulikuwa ujirani. Hata hivyo, fedha ziliuvunja mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1959, baada ya kashfa ya wachezaji kulipwa kwa siri. Vyuo vitano vikubwa viliunda umoja mpya bila Washington State, Oregon wala Oregon State. Washington State kilirudishwa mwaka 1962, na viwili vya Oregon mwaka 1964.

Chuo hicho cha Pullman ndicho kilichowapokea vijana wa Kenya. Mwaka 1977 Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000. Mwaka uliofuata Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mbili za kwanza alizivunja Berkeley na Seattle, miji yenye vyuo vya ligi hiyo hiyo. Bernard Lagat naye alipitia hapo katika miaka ya 1990.

Mwaka 2011 ligi ilifikisha vyuo kumi na viwili. Lakini mapato ya televisheni yalipokuwa makubwa zaidi kwingineko, vyuo kumi viliondoka mwaka 2024. Berkeley na Stanford, vilivyo upande wa Pasifiki, vilijiunga na ligi yenye jina la Pwani ya Atlantiki! Waliobaki ni Washington State na Oregon State, wale wale walioachwa mwaka 1959. Walikwenda mahakamani mwaka 2023, wakapewa usimamizi wa ligi, kisha wakaanza kualika wanachama wapya.

Rono alifariki Februari 2024, miezi michache kabla ya vyuo hivyo kuondoka. Rekodi zake zinatukumbusha kwamba chuo kinachoonekana kidogo katika hesabu za fedha kinaweza kuwa ndicho kilichoipa ligi jina duniani. Tunawaomba walimu wawape wanafunzi mada hii waijadili: ushirika wa vyuo ujengwe juu ya nini, ujirani au mapato?