Kinundu cha Kidole Gumba cha Mguu

Kinundu cha kidole gumba ni ila ya mguu ambayo huanza pale mfupa mrefu wa wayo, ule uchukuao kidole gumba, unapoegemea upande wa ndani, na kidole chenyewe kikapinda upande wa pili kuvisonga vidole vya jirani, hata ncha ya mfupa ikatokeza ubavuni mwa mguu. Wengi hudhani kuwa ni nyama au mfupa mpya ulioota, na sivyo. Ni mfupa ule ule uliohama mahali pake, na juu yake kifuko cha majimaji ambacho kwa kusuguliwa na kiatu huvimba, kikawa chekundu na kuuma. Matabibu huihesabu hali hiyo kuwa ila pembe ya mpindo inapozidi nyuzi 15.

Katika sababu zake, kiatu chembamba mbele ndicho kishtakiwacho kwanza, wala hakishtakiwi bure. Mwaka 1965 tabibu Shine alitoa hesabu za kisiwa cha St Helena, ambako wakati huo wengine walivaa viatu na wengine walikwenda pekupeku: miongoni mwa hao pekupeku wenye kinundu walikuwa asilimia 2 tu, hali wanawake waliovaa viatu zaidi ya miaka 60 walifikia asilimia 48. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wanawake hao walisalimika, na baadhi ya wasiovaa viatu hawakusalimika. Basi nasaba na ulegevu wa kano navyo vina sehemu yao, na kiatu aghalabu huzidisha kile ambacho mtu amezaliwa nacho.

Katika Pepa, juu ya miinuko ya Marungu yenye baridi na matope kusini-mashariki mwa Kongo, kumshauri mtu aache viatu ni upuuzi. Lifaalo ni kiatu kipana mbele, chenye kisigino kifupi na ngozi laini, na anunuaye mitumba akipime jioni, mguu ukiwa umetutumka, kabla ya kuuliza bei. Kitambaa laini juu ya kinundu, kitenga vidole, maji baridi na dawa za maumivu huleta nafuu, lakini havinyoshi kidole, na auzaye kifaa kwa ahadi hiyo anauza tamaa.

Uvimbe uliozuka ghafla usiku, wenye joto kali, huenda ukawa jongo, nayo ina tiba yake. Mwenye kisukari au ukoma, ambaye mguu wake umekufa ganzi, asingoje maumivu ndipo amwendee tabibu, kwani lengelenge dogo laweza kuwa donda pasipo yeye kuhisi.

Upasuaji, ambamo mfupa hukatwa, hunyoshwa na kufungwa kwa skrubu, humstahiki yule ambaye maumivu yamemzuia kutembea, wala si kwa ajili ya uzuri. Vijana aghalabu hungojwa mpaka mifupa ikome kukua. Hata baada ya kupasuliwa, kinundu chaweza kurudi. Mguu huhitaji majuma sita hivi kabla ya kuvaa kiatu cha kawaida, na uvimbe huendelea kwa miezi. Kwa hiyo mkulima wa Marungu, akiwa na hiari, ateremke kwa tabibu kiangazi kinapoanza, mavuno yakiwa ghalani na jembe halijahitajiwa.