Mwenzamraba na Mwenzamstari: Kwa Nini "Kamilishi" Haitoshi

Pembe mbili zikijumlishwa zikafika nyuzi 90, tunaambiwa tuziite kamilishi. Zikifika nyuzi 180, tuziite jalizi. Ndivyo ulivyoandika mwongozo mmoja wa hisabati uliopita mikononi mwangu, tena kwa uhakika wa mtu asiyewahi kuulizwa swali. Basi na tuulize. Ni kipi katika "kamilishi" kinachosema 90? Ni kipi katika "jalizi" kinachosema 180? Kinachokamilishwa hakitajwi, kinachojazwa nacho hakitajwi. Mwanafunzi anabakia kukariri lipi ni lipi, na siku akichanganya, hesabu yake yote inakwenda upogo ilhali aljebra anaijua.

Kosa hili lina asili yake, nayo ni Kilatini. Lugha za Ulaya zilichukua vitenzi viwili, complere kwa nyuzi 90 na supplere kwa nyuzi 180, vyote vikiwa na shina lile lile la kujaza. Wenye lugha hizo wenyewe huhitaji hila za kukumbuka tofauti. Waheshimiwa wetu wa kamati ya istilahi, badala ya kutazama pembe, walitazama kamusi, wakatuletea na utata wake. Matokeo yake ni kwamba wanasarufi wetu wanaita "kijalizo" kile kile kinachotokana na complere, huku mwongozo ule ukilipeleka shina la jaliza kwenye supplere. Mwalimu anayefundisha sarufi saa mbili na jiometri saa nne afanyeje?

Wako wanaojitetea kwamba "kamili" ni neno letu la siku nyingi, lenye heshima ya Kiarabu. Laiti wangefungua kitabu cha jiometri cha Kiarabu! Humo, pembe za nyuzi 90 ni mutatāmmatān, kutoka tamma, mzizi uliotupa "timamu". Mzizi wa kamala, ndiyo "kamili" yetu, umewekewa nyuzi 180: mutakāmilatān. Yaani neno lilivuka bahari, na lilipotia nanga pwani lilikuwa limekwisha kupoteza nusu ya nyuzi zake. Anayetaka kuegemea Uarabuni na aegemee sawasawa.

Mimi napendekeza, kama nilivyokwisha kupendekeza mahali ambapo sikusikilizwa, mwenzamraba na mwenzamstari. Pembe ya nyuzi 90 tayari tunaiita pembe mraba, na mraba wenyewe unatokana na nne ya Kiarabu, kwa kuwa umbo hilo lina pembe nne za namna hiyo. Nyuzi 180 ni mstari ulionyooka, hakuna asiyeliona. Basi pembe mbili zinazogawana pembe mraba ni wenzamraba. Zinazogawana mstari ni wenzamstari. Jina limebeba jumla yake. Kuunganisha maneno namna hii si ugeni: tuna pembetatu, tuna pembekali, na hakuna aliyelalamika.

Tena "mwenza" linagusa kiini cha jambo, kwani pembe moja peke yake haiwezi kuwa kamilishi. Uhusiano huu unataka wawili. Hata kosini inalishuhudia hilo. Ile "ko" ya mwanzo ni mabaki ya complementi: mwaka 1620 Edmund Gunter wa Uingereza aliandika co.sinus, kwa maana ya sini ya ile pembe ya pili. Kosini ya nyuzi 30 ni sini ya nyuzi 60. Kwa Kiswahili changu, kosini ni sini ya mwenzamraba, na somo limekwisha.

Mjumbe mmoja, msomi wa kutajika, alicheka akasema neno langu linanuka mke mwenza. Namshukuru, maana hakujua alivyonisaidia. Wake wenza hugawana kilichopo: anachozidishiwa mmoja, mwingine amepungukiwa. Pembe moja ikiwa x, mwenzamraba wake ni 90 − x. Mbona mgombea mwenza anapita majukwaani na hakuna anayecheka?

Kuhusu matumizi, mfano mmoja unatosha: pembe za 3x na x + 10 zikiwa wenzamraba, 4x + 10 = 90, x ni 20, na pembe ni nyuzi 60 na 30; zikiwa wenzamstari, 4x + 10 = 180, x ni 42.5, na pembe ni nyuzi 127.5 na 52.5.

Tazama kwamba upande wa kushoto wa mlinganyo haukubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni namba ya kulia, na namba hiyo haipatikani popote katika swali isipokuwa ndani ya jina. Istilahi inayoificha imemnyima mwanafunzi nusu ya mlinganyo. Mwenye jina bora kuliko yangu na alilete, mradi jumla isomeke ndani yake. Mwenye "kamilishi" na akae nayo kwenye kumbukumbu za vikao.