Mawimbi Yaliyovuka Mpaka: Redio na Umaarufu wa Nyimbo Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Kutoka Mandera, Mogadishu ni karibu kuliko Nairobi. Umbali huo ulichangia sana kuamua ni nyimbo zipi zingependwa Kaskazini Mashariki. Wimbo ulifika na redio, na redio iliyosikilizwa sana haikuwa ya Nairobi.

Redio Hargeisa ilianza kusikika miaka ya 1940, Redio Mogadishu ikafuata mwaka 1951, na Julai 1957 BBC ikafungua Idhaa ya Kisomali. Zilipokuja redio ndogo za betri, mchunga ngamia aliyepiga kambi mbali na mji wowote aliweza kuisikia London jioni. Mawimbi mafupi hupanda angani na kurudishwa chini mamia ya maili kutoka yalikoanzia; hayajui kituo cha forodha wala kizuizi cha polisi.

Enzi hiyo ndiyo iliyozaa muziki wa kisasa wa Kisomali. Abdi Sinimo wa Borama alivumisha belwo, beti fupi za mapenzi, na Abdullahi Qarshe akazipa sauti ya udi, ala ya nyuzi ambayo Wasomali huiita kaban. Belwo ikarefuka, ikawa heello. Wapo waliouona muziki huo kuwa upotovu, lakini redio iliuingiza ndani ya nyumba na hema ambamo mpiga udi asingekaribishwa.

Hapa pana tofauti kubwa na Nairobi. Huko mwanamuziki alirekodi santuri, dukani zikauzwa, na kupigwa redioni kulimsaidia kuziuza. Kwa Wasomali biashara ya santuri ilikuwa ndogo mno. Waimbaji wengi, kama wale wa kundi la Waaberi, walikuwa waajiriwa wa serikali. Walirekodi katika studio za redio, na kanda zikabaki katika maktaba ya redio. Wimbo usiopigwa hewani ulikuwa na njia chache sana za kumfikia msikilizaji wa mbali. Waimbaji kama Magool na Maryam Mursal walipenya hadi Garissa kwa mawimbi hayo. Baadaye watu walirekodi kwa kaseti walichokisikia, wakanakiliana, na kanda zikasafiri kwa malori hadi mtaa wa Islii jijini Nairobi.

Mawimbi yaliyobeba nyimbo yalibeba pia siasa. Tarehe 28 Desemba 1963 serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari katika eneo hili, na vita vya shifta, vya waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Redio Mogadishu ilitangaza wito wa kuwaunganisha Wasomali wote chini ya bendera moja. Sauti ya Kenya, redio ya serikali, ikajibu kwa vipindi vyake vya Kisomali. Wimbo ukawa silaha kwa pande zote mbili. Vita vilikwisha, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi 1991. Katika miaka hiyo yote mwimbaji wa Garissa alikuwa ukingoni: Mogadishu ilikuwa na nyota wake, na Nairobi ilikuwa na wake.

Mwaka huohuo wa 1991 dola ya Somalia ilianguka. Waimbaji walitawanyika, kambi za Dadaab zikafunguliwa, na Islii ikawa soko la muziki wa Kisomali. Kenya ilipolegeza masharti ya utangazaji, zikaja redio za FM zinazotangaza kwa Kisomali, ikiwemo Star FM, inayosikika Garissa. Kisha upepo ukageuka. Aprili 2010 kundi la wapiganaji la Hizbul Islam liliziamuru redio za Mogadishu ziache muziki, na baadhi ya vituo vikajaza nafasi zake kwa milio ya vyura, jogoo na risasi. Kati ya vituo vichache vilivyoendelea kupiga nyimbo ni Bar-Kulan, kilichotangaza kutoka Nairobi. Muziki uliowahi kuvuka mpaka kuja Kenya sasa ulivuka kwenda kwao.

Kwa hiyo Garissa haina tena sababu ya kusubiri sauti za mbali. Kikundi cha wanawake cha Gargar, chenye albamu ya Garissa Express, kimeonyesha kwamba vipaji viko hapahapa kando ya Tana. Hargeisa nayo inatufundisha jambo: mwaka 1988, mji ulipokabiliwa na mabomu, kanda za redio zilifukiwa ardhini ili zisiangamie, na kwa sababu hiyo nyimbo hizo zinasikika leo. Wenye redio Garissa, Wajir na Mandera, warekodini waimbaji wenu, pigeni nyimbo zao hewani mchana watu wakiwa macho, na mzitunze kanda zao. Wimbo usiopigwa na usiohifadhiwa huzikwa pamoja na mwimbaji wake.