Bodi za shule na vita vya ploti katika miji midogo

KATIKA miji midogo ya Kenya, ile yenye barabara moja ya lami, kituo cha matatu, soko na shule ya msingi iliyopakana na maduka, kiti cha bodi ya shule huwaniwa kwa ari inayomshangaza mgeni. Kiti chenyewe hakina mshahara. Hata hivyo, wapo wanaokizungukia kwa miezi, na wapo wanaokwenda kortini wakikikosa.

Mara nyingi ugomvi huo huelezwa kuwa ni wa koo, wa madhehebu au wa vyama. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaacha jambo moja. Hadi uchaguzi mkuu wa Machi 2013, miji hiyo ilikuwa na mabaraza yake. Nchi nzima ilikuwa na mabaraza 175 ya serikali za mitaa, yakiwemo ya manispaa na ya miji, na madiwani walikutana papo hapo mjini kujadili soko, maji taka na viwanja. Hayakuwa mabaraza ya kusifiwa. Ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyokabidhiwa Rais Mwai Kibaki mwaka 2004, ilikadiria kuwa takriban hatimiliki 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, na mabaraza hayo yalitajwa miongoni mwa waliogawa mali ya umma. Lakini mwananchi alijua mlango wa kubisha, na diwani aliyegawa uwanja wa watoto alikutana na wazazi wao sokoni kesho yake.

Katiba ya 2010 iliyaondoa na kuleta serikali 47 za kaunti. Diwani wa leo hukaa katika bunge la kaunti, ambalo huenda liko mwendo wa saa mbili au tatu kutoka wadi yake. Sheria ya Maeneo ya Miji na Miji Mikuu ya 2011 iliacha nafasi ya bodi za manispaa na kamati za miji, ila marekebisho ya 2019 yaliweka kiwango cha wakazi 50,000 kwa manispaa, na wengi wa wanaoketi katika vyombo hivyo huteuliwa badala ya kuchaguliwa na wakazi. Mji wenye watu elfu chache ukabaki bila kikao chake. Chombo kinachokutana ndani ya mji wenyewe, chenye wajumbe waliochaguliwa na watu wa hapo na chenye fedha za kusimamia, kikawa kimoja: bodi ya usimamizi wa shule.

Muundo wa bodi hiyo umewekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Wazazi hupata viti sita, mfadhili wa shule vitatu, na viti vingine hugawanywa kati ya walimu, Bodi ya Elimu ya Kaunti, watu wenye mahitaji maalumu na makundi mengine ya kijamii. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Bodi inaweza pia kuongeza wajumbe wengine wachache kwa ajili ya ujuzi wao, na kifungu hicho ndicho mlango ambao wakubwa wa mji huupitia wanaposhindwa kwenye mkutano wa wazazi.

Neno "mfadhili" lahitaji maelezo. Shule nyingi kongwe zilianzishwa na misheni. Sheria ya elimu ya 1968 ilizitia chini ya Serikali na kuyaachia makanisa na mashirika mengine ya dini nafasi ya mfadhili. Sheria ya sasa inampa mfadhili haki ya kushauri kuhusu mambo ya kiroho na kuwakilishwa katika bodi, na inamtaka asaidie kwa fedha na majengo huku akiheshimu imani za wengine. Mtu asiyeishi katika mji mdogo aweza kudhani haya ni mambo ya ibada tu. Kumbe penye kanisa lililotoa ardhi, swali la nani atakuwa mwalimu mkuu hugeuka haraka kuwa swali la nani mwenye shule.

Kisheria, bodi haina mamlaka hayo. Walimu wa umma huajiriwa, kupelekwa na kuhamishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Wazazi wanaofunga lango kwa kufuli na kumfukuza mwalimu mkuu kwa kuwa "si mtoto wa hapa" hawana kifungu chochote cha kusimamia, na mara kadhaa tume imejibu kwa kuwaondoa walimu wote shuleni hadi usalama wao uhakikishwe. Anayeumia hapo ni mtahiniwa.

Mamlaka halisi ya bodi yako kwingine. Huajiri wapishi, walinzi na makarani, na walimu wa ziada ambao mishahara yao mara nyingi hutoka mifukoni mwa wazazi. Husimamia zabuni za mahindi, maharagwe, kuni na ujenzi. Mbunge naye, kupitia hazina ya maendeleo ya maeneobunge iliyoanzishwa mwaka 2003, hujenga madarasa na hupenda bodi inayomsikiza. Penye ajira chache, orodha hiyo yatosha kuwagawa watu.

Kubwa zaidi ni ardhi. Hapa Katiba iliweka mpaka usioonekana kwa urahisi: shule za msingi na za upili ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, na mipango ya matumizi ya ardhi ni kazi ya kaunti. Shule moja basi ina mabwana wawili. Wizara ya Elimu haitoi vibali vya ujenzi mjini, na kaunti inayovitoa haiwajibiki kwa madarasa ya shule hiyo.

Ardhi yenyewe mara nyingi haina hati. Shule nyingine zilitengewa eneo na baraza la zamani kwenye ramani ya mji bila hatua ya mwisho ya usajili kukamilishwa. Nyingine zilipewa shamba na familia au ukoo kwa neno la mdomo, mbele ya wazee ambao leo ni marehemu. Thamani ya ploti za barabarani ikipanda, mjukuu wa mtoaji hutokea na hati mkononi. Si kila mjukuu ni mnyakuzi. Wapo waliodhulumiwa kweli. Lakini shule isiyo na karatasi haina jibu kwa yeyote kati yao.

Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya 2019 ndiyo inayotawala mabadiliko. Anayetaka kugeuza ploti ya makazi kuwa ya biashara, au kujenga ghorofa ubavuni mwa shule, hana budi kuomba kibali kwa kaunti na kuutangazia umma ili wenye pingamizi waandike. Matangazo hayo kwa kawaida hutoa siku 14. Tena, mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria huchukulia kuwa amekubaliwa. Ukimya, kwa hiyo, ni uamuzi. Asiyeridhika ana siku 14 nyingine za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya kaunti kuhusu mipango ya ardhi, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Siku 14 ni muda wa kutosha kwa bodi iliyo na mwenyekiti, katibu na muhuri. Kwa bodi iliyogawanyika, ambayo nusu ya wajumbe hawakubali uteuzi wa nusu nyingine, ni muda mfupi mno hata kwa kuitisha kikao. Hapo ndipo siasa za viti na mzozo wa ploti hukutana. Anayetaka kipande cha uwanja hahitaji kuishinda bodi. Inamtosha ikiwa haiwezi kukaa.

Mfano wa kila siku ni baa. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ambayo Wakenya waliizoea kwa jina la mbunge John Mututho, inakataza leseni kwa baa iliyo ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Katika mji ambao urefu wake wote haufiki kilomita moja, mita hizo zingefunga nusu ya barabara, na pengine ndiyo maana futi ya kupimia hupotea. Leseni hutolewa na kaunti. Anayetarajiwa kulalamika ni bodi, na si ajabu mwenye jengo la baa awe mjumbe wake.

Wakenya wengi hukumbuka Januari 19, 2015, wakati wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walipousukuma ukuta uliokuwa umezingira uwanja wao na polisi wakawarushia vitoza machozi. Picha zilienea duniani, Serikali ikaomba radhi na uwanja ukarudi kwa shule. Kisa hicho kilikuwa na kamera na wanaharakati. Uwanja wa mji mdogo huliwa polepole, kwa kigingi kinachosogezwa likizo ya Agosti na kibanda cha mabati kinachokuja kuwa duka la mawe.

Shule inayotaka kujilinda huanza kwa upekuzi katika sajili ya ardhi, kisha mpima ardhi wa kuweka mipaka upya, kisha ombi kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Gharama ya upimaji ndiyo hukwamisha wengi. Pasipo hati, ushahidi unaobaki ni ramani ya zamani ya mji na kumbukumbu za vikao vya baraza lililotenga eneo hilo. Mabaraza yalipovunjwa mwaka 2013, nyaraka zake zilirithiwa na kaunti, na shule hulazimika kuziomba kutoka kwa serikali ileile inayotoa kibali cha ploti ya jirani.