Kiyoyozi cha Motokaa na Wajibu wa Fundi

Msomaji, ukipanda motokaa mjini Mombasa wakati wa kaskazi, jua likiwa utosini na shati limeganda mgongoni kwa jasho, dereva hubonyeza kitufe kimoja tu, na mara hewa baridi hukupuliza usoni. Utashukuru, kisha utasahau. Ndiyo desturi ya binadamu kusahau upesi jambo linalompa raha. Walakini nyuma ya kitufe kile ipo hadithi ya miaka mingi: hadithi ya akili kubwa, ya kosa kubwa, na ya toba ambayo sehemu yake iliongozwa kutoka katika mji wetu mkuu wa Nairobi. Napenda kukusimulia hadithi hiyo kwa sababu haijafika mwisho, na yamkini wewe ni miongoni mwa watakaoimalizia.

Kwanza hapana budi tujue jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Umepata kunywa maji ya mtungi uliowekwa kivulini, ukaona jinsi yalivyo baridi. Mtungi hutokwa jasho, jasho hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto la maji. Kanuni ni hiyo hiyo katika motokaa. Mkanda unaovutwa na injini huzungusha kompresa, nayo huisonga gesi hata ikapata moto na nguvu nyingi. Gesi hiyo hupita katika mabomba membamba yaliyopangwa mbele ya rejeta, upepo huipokonya joto lake, nayo hugeuka majimaji. Kisha majimaji hayo hupenyezwa katika tundu jembamba la vali, nguvu hupungua kwa ghafula, nayo hugeuka tena mvuke ndani ya mabomba yaliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hapo ndipo mvuke unapolinyakua joto la hewa unayoivuta wewe abiria. Halafu gesi hurudi kwa kompresa, na safari huanza upya. Weka neno hili moyoni, maana tutalirudia: gesi hii huzunguka tu. Haichomwi wala haiishi kama petroli.

Elimu ya kupoza hewa kwa mtambo ilipata nguvu huko Marekani katika mwaka wa 1902, wakati mhandisi kijana, Willis Carrier, alipobuni chombo kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa mjini Brooklyn. Shabaha yake haikuwa raha ya watu, bali ni karatasi: unyevu wa hewa uliifanya karatasi itanuke na kunywea, na rangi zikakosa kuangukia mahali pake. Lakini gesi za kupozea zilizotumiwa katika zama zile zilikuwa za hatari. Amonia huchoma macho na mapafu, na nyingine zilikuwa sumu ya kuua. Nani angethubutu kuweka vitu hivyo katika chumba kidogo cha motokaa pamoja na mkewe na watoto wake?

Jawabu lilitolewa na Thomas Midgley na wenzake, waliofanya kazi kwa ajili ya kampuni ya General Motors. Katika mwaka wa 1928 walitengeneza jamii ya gesi zenye klorini, florini na kaboni, ambazo mojawapo ilikuja kujulikana kwa jina la R-12. Katika mwaka wa 1930 Midgley alisimama mbele ya mkutano wa wanakemia, akavuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipuliza na kuzima mshumaa. Kwa tendo hilo moja alithibitisha mambo mawili: gesi haikumdhuru, wala haishiki moto. Ulimwengu ulifurahi.

Kampuni ya Packard ilionyesha motokaa yenye kiyoyozi cha kiwandani katika mwaka wa 1939. Ulikuwa mtambo mzito, na sehemu yake ya kupoza ilikaa nyuma ya kiti cha abiria. Kompresa yake haikuwa na njia ya kutengwa na injini, hata dereva aliyetaka kuipumzisha alilazimika kuzima injini, kufungua boneti, na kuuvua mkanda kwa mkono. Watu wachache waliununua, na baada ya mwaka wa 1941 uliachwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mafundi walirudia kazi. Chrysler walitoa mtambo bora katika mwaka wa 1953, na Nash, katika mwaka wa 1954, walikusanya vipoza hewa na vipasha joto mahali pamoja mbele ya motokaa. Kufikia mwaka wa 1969, zaidi ya nusu ya motokaa mpya zilizouzwa Marekani zilikuwa na viyoyozi.

Sasa, msomaji, tuingie gerejini tumtazame fundi wa siku zile. Mtambo wa motokaa si kama jokofu la nyumbani lililotulia pembeni. Hutikiswa na barabara, mipira yake huchoka kwa joto la injini, na raba za viungo vyake hukauka. Kwa hiyo gesi huvuja kidogo kidogo, nao wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mwenye gari alipoona baridi imepungua, fundi alimwongezea gesi, akaenda zake, na msimu uliofuata akarudi kuongezewa tena. Mtambo ulipohitaji kufunguliwa, fundi alilegeza kiungo, akaiacha gesi yote ipae hewani, ndipo akaanza kazi. Tusimlaumu kwa haraka. Alikuwa ameambiwa kwamba gesi ile si sumu, haiwaki wala hainuki. Kama haikumdhuru mtu aliyeivuta, ingedhuru nini ikipotea angani?

Swali hilo lilijibiwa katika mwaka wa 1974. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba gesi hizo, kwa sababu ya ugumu wake wa kuoza, hudumu miaka mingi hewani hata zikafika juu sana. Huko miali mikali ya jua huzivunja na kuifungua klorini iliyomo. Chembe moja ya klorini yaweza kuangamiza chembe za ozoni zipatazo 100,000. Ozoni, nawe wajua, ni mwavuli wetu: huzuia miali ya jua inayoleta saratani ya ngozi na maradhi ya macho, na inayodhuru mimea. Wenye viwanda wengi walibisha. Lakini katika mwaka wa 1985 Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kwamba kila majira ya kuchipua ozoni juu ya bara la Antaktika ilikuwa ikipungua kwa kiasi cha kutisha. Sifa ile ile iliyoipendekeza gesi, yaani uthabiti wake, ndiyo iliyoifanya adui.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia katika hadithi yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu huko Gigiri, lilikuwa chini ya uongozi wa Mmisri mmoja, Mostafa Tolba. Bwana huyo aliwavuta wakubwa wa mataifa, matajiri na maskini, wakae pamoja na kusikilizana. Tarehe 16 Septemba 1987 mkataba ulitiwa sahihi mjini Montreal, Kanada, wa kupunguza gesi hizo. Kenya iliuridhia katika mwaka wa 1988, na kufikia mwaka wa 2009 hapakuwa na nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliyobaki nje. Nchi za viwanda ziliacha kutengeneza R-12 kufikia mwaka wa 1996, na nchi nyingine zikafuata kufikia mwaka wa 2010. Tathmini ya wataalamu ya mwaka wa 2022 ilikadiria kwamba anga ya Antaktika itapona karibu mwaka wa 2066. Fikiri: kosa la miaka michache hulipwa kwa miaka themanini!

Mahali pa R-12 palichukuliwa na R-134a, ambayo haina klorini. Walakini nayo ina ila yake: kilo moja ikipotea angani, huongeza joto la dunia kadiri ya kilo 1,430 hivi za hewa ya ukaa. Kwa hiyo mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, katika mwezi wa Oktoba 2016, yakaafikiana kuipunguza gesi hiyo na jamaa zake. Motokaa nyingi mpya hutumia gesi nyingine, R-1234yf, yenye madhara madogo zaidi kwa anga.

Basi fundi mwema hufanyaje? Tuseme jirani yako ana motokaa kuukuu, na kila baada ya miezi mitatu hupeleka kuongezewa gesi. Kumbuka lile neno tuliloliweka moyoni: gesi haiishi. Ikipungua upesi namna hiyo, pana mahali inavuja. Fundi mwema haongezi kwanza. Huyatazama mabomba na viungo, hutafuta dalili ya mafuta, maana mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi na kutoka pamoja nayo. Gesi iliyobaki huivuta kwa mashine na kuihifadhi katika chupa yake. Akiisha kuziba tundu na kubadili raba, huinyonya hewa yote kwa pampu, kwa maana unyevu ukibaki ndani huganda katika vali na kuyala mabomba. Mwisho hutia gesi kwa kuipima kwa mizani, kama kiwanda kilivyoagiza, wala hachanganyi gesi mbili. Na mwenye gari ana sehemu yake: abadilishe kichujio cha hewa, asafishe vumbi na wadudu mbele ya rejeta, na awashe kiyoyozi dakika chache mara kwa mara, hata wakati wa baridi, ili mafuta yazifikie raba zisikauke. Lakini asijaribu kufungua mabomba mwenyewe, kwani gesi imo kwa nguvu nyingi, na ikimrukia yaweza kumchoma ngozi kwa baridi na kumpofusha.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari hii ufa ulikuwa mdogo kuliko uzi, ndani ya kiungo cha bomba, na ukuta uliobomoka ulikuwa mbinguni. Midgley hakuwa mtu mbaya, wala fundi aliyelegeza kiungo hakuwa mwovu. Hawakujua. Sisi tunajua, na anayejua hana udhuru. Siku utakapokuwa fundi, au mhandisi, au mwenye motokaa tu, na mtu akakwambia, "Ongeza gesi twende," umjibu kwa upole, "Ngoja kwanza tutafute inapovuja."