Sumba: Nchi Kavu ya Kenya, Maji ya Uganda

Kusini mwa Indonesia kipo kisiwa kiitwacho Sumba. Watalii wanakijua kwa makaburi yake ya mawe makubwa, vitambaa vyake vya kufumwa na michezo ya wapanda farasi wanaorushiana mikuki. Kisiwa kingine cha jina hilohilo kimo ndani ya Ziwa Victoria, katika maji yanayopakana na Port Victoria na Sio Port, Kaunti ya Busia. Hiki hakina mtalii anayekitafuta, lakini kimeandikwa katika sheria za nchi mbili.

Maandishi hayo yalianza na amri ya Uingereza ya 1926 iliyoweka mipaka ya Koloni la Kenya. Mstari unaanzia kusini, karibu na kisiwa kidogo cha Pyramid, unapanda kaskazini hadi Ilemba, Kiringiti na Mageta, kisha unakata kuelekea kaskazini-magharibi hadi ncha ya kusini ya Sumba. Hadi hapo kila kipande chake kimenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Unapofika Sumba unajipinda: unafuata ufuo wa kusini-magharibi na wa magharibi wa kisiwa, halafu unaruka maji hadi katikati ya mlango wa mto Sio. Kwa hiyo mvuvi anayesukuma mtumbwi kutoka upande wa machweo anakuwa ameingia Uganda maji yakiwa bado yanamfika magotini.

Ni vigumu kuielewa Sumba, ya jana au ya kesho, bila kukumbuka magoti hayo.

Kabla ya kalamu ya 1926, maji yale yalikuwa njia. Wasamia waliishi pande zote mbili za ghuba, kama wanavyoishi leo, wengine wakihesabiwa Kenya na wengine Uganda. Milima ya Samia ilikuwa na madini ya chuma, na wahunzi wake walifua majembe yaliyosafiri mbali, hadi kwa Waluo na majirani wengine. Majirani zao Wanyala walishika mdomo wa mto Nzoia. Chombo chao wote kilikuwa mtumbwi wa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nyuzi, kabla misumari haijaenea. Anayeijua pwani ataona tofauti: ngalawa ya Waswahili ina matengo yake mawili ubavuni, ambayo wanahistoria wengi wanayahusisha na mabaharia wa visiwa vya Indonesia, ilhali mtumbwi wa ziwa hauna tengo hata moja.

Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Busia yote ya leo, Kisumu, na nchi hadi Bonde la Ufa zilikuwa zikitawaliwa kama sehemu ya Uganda hadi siku hiyo. Sababu kubwa ilikuwa reli: ilionekana afadhali njia nzima, kutoka Mombasa hadi ziwani, iwe chini ya utawala mmoja. Hapo Port Victoria ina kisa chake cha kusikitisha. Wapimaji wa kwanza walikuwa wameichagua kuwa mwisho wa reli. Mpango ukabadilishwa, njia ikafupishwa, na Desemba 1901 reli ikafika Port Florence, yaani Kisumu. Port Victoria ikabaki na jina la bandari, treni ikaikosa. Laiti mpango ule ungesimama, Sumba ingekuwa kisiwa cha mbele ya jiji.

Wakati huohuo malale yaliingia. Ugonjwa ulioenezwa na mbung'o wa ufukweni uliua watu wanaokadiriwa kuzidi 250,000 Uganda katika miaka ya mwanzo ya karne, hasa Busoga na visiwani, ukavuka hadi pwani ya Samia. Gavana wa Uganda, Hesketh Bell, aliwahamisha watu kutoka ufukweni na visiwani. Vijiji vilivyokuwa hai vikageuka vichaka. Serikali iliendelea kuvitumia visiwa kama mahali pa kuwatenga watu: katika miaka ya 1950 Mageta, jirani wa Sumba katika orodha ile ya mpaka, ilikuwa kambi ya wafungwa wa Mau Mau. Hivyo umbali wa Sumba ulijengwa kidogo kidogo, kwa reli iliyopita kwingine, kwa ugonjwa, kwa kambi na kwa mstari.

Samaki nao wana historia yao. Nyavu za kutega za kigeni zilianza kutumika upande wa Kenya mwaka 1905, na kufikia utafiti wa Michael Graham wa 1927 na 1928 tayari ngege walikuwa wakipungua. Katika miaka ya 1950 na 1960 mbuta, yaani sangara, alipandikizwa ziwani. Alipotapakaa katika miaka ya 1980, fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia, walitoweka kwa wingi, na viwanda vya minofu vikainuka. Mbuta alileta fedha, lakini anapatikana zaidi katika maji mapana, na maji mapana si ya Kenya. Kati ya ziwa lote, Kenya ina takriban asilimia 6, Uganda 43, Tanzania 51.

Kwa maskini ilibaki omena, ambayo Watanzania huiita dagaa na Waganda mukene. Huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, karabai zikielea juu ya maji ili mwanga uwakusanye samaki. Siku hizi taa za sola zinachukua nafasi ya karabai. Asubuhi omena huanikwa, na mvua ikinyesha kabla haijakauka, thamani yake huanguka hadi kuwa chakula cha kuku. Kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai Kenya huifunga kazi hiyo ili omena izaliane. Hatua hiyo ina mantiki yake, lakini kwa nyumba isiyo na shamba kubwa wala mshahara, miezi minne ni mirefu.

Tangu 2017 Uganda imetumia wanajeshi kulinda maji yake dhidi ya uvuvi haramu, na wavuvi wa Busia wamekamatwa, wakapoteza nyavu, injini na samaki. Wakenya hukitaja kisiwa cha mwamba cha Migingo kila wanapozungumzia ziwa, kwa sababu huko polisi wa Uganda walifika 2004 na ubishi wa mwamba ule ukavuma dunia nzima. Sumba haina ubishi wowote. Mpaka wake umeandikwa wazi, na uwazi huo ndio unaombana mkaaji wake.

Mstari uo huo, baada ya mlango wa Sio, hupita Busia, hufuata mito ya Malaba na Lwakhakha, ukapanda Mlima Elgon. Huko nchi kavu umelegezwa. Reli iliyopitia Malaba ilifika Kampala mwaka 1931. Busia ndiko baiskeli za miaka ya 1960, zilizowavusha watu kati ya vituo viwili vya forodha, zilikotoa neno boda boda. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha mpakani, na lori hukaguliwa mara moja badala ya mbili.

Ziwani ipo taasisi ya pamoja ya uvuvi tangu 1994, yenye makao yake Jinja, inayolinganisha kanuni za nchi tatu. Bado leseni ya Kenya haimruhusu mtu kuvua Uganda. Ufugaji wa samaki katika vizimba unaenea Siaya na Busia, na kwa mkaaji wa Sumba kizimba kinaweza kuwa shamba lililo upande wa mashariki wa nyumba yake. Lakini kinataka mtaji, na mwaka 2020 maji yalipopanda kupita viwango vilivyowahi kupimwa, mali ya ufukweni haikusalimika. Kinachohitajika kwanza ni kibali cha wakaaji wa ufuo, cha kuvua hatua chache kutoka milangoni mwao, pande zote mbili.

Mfano wake upo tayari mjini Busia. Mwanamke mwenye gunia la omena lisilozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hujaza cheti chepesi cha asili ya bidhaa na kuvuka bila kulipa ushuru wa forodha. Omena hiyo inaweza kuwa ilivuliwa usiku uliopita na mwanamume anayetazama magharibi kutoka ufuo wa Sumba, akisikiliza kama kuna injini inayokuja.